Kabla ya nasari kulikuwa na ukumbi



Masika haya mvua imewafungia watoto ndani, na kila nyumba tunayokwenda kupima nguo tunakuta jambo jipya. Huku mtoto kakaa kitako peke yake, kule mwenziwe kasimama dede kashika ncha ya kitanda, nyumba ya tatu wanatuambia "jana kaenda tata hatua nne" na wote wanamtazama arudie, naye hataki. Yule wa miaka minne kapanga vizibo vya soda mlangoni anahesabu, anaruka sita, anarudi nne, anaanza upya. Sisi tunangoja atulie tumpime mabega.

Basi hapo hapo, tepu ikiwa bado shingoni, linaanza suala ambalo tunaulizwa kuliko bei ya gauni. Mtoto aanze chuo au aanze skuli? Mama mkwe anasema zamani mtoto wa miaka mitatu alikuwa keshakaa chuoni. Baba mtoto anataka skuli ya kulipia inayosomesha kwa Kiingereza. Mama mwenyewe yuko katikati, kachoka. Na wale wanaotarajia kuolewa wanasikiliza kimya, maana zamu yao inakuja. Kila mmoja anasema "zamani". Tumeona leo tuiangalie hiyo zamani yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitaja wanaikata nusu.

Tuanze na mtu ambaye aliiandika. Bibi Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, hapo kaskazini ya mji, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Wengi wetu tunajua kisa chake cha kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kisa hicho kimesimuliwa mpaka kimechosha. Ambacho hatukisomi ni kwamba mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, na ndani yake amekaa kitako akaeleza watoto wa nyumba ya kwao walivyolelewa, kitu ambacho wanaume waliokuja hapa kuandika habari zetu hawakukiona, kwa kuwa hawakuingia ndani.

Anaeleza mtoto anavyozungushiwa kitambaa na kufungwa siku zake arobaini za mwanzo. Mtoto wa kike anatogwa masikio siku ya saba, matundu sita kila sikio, na kutiwa uzi mwekundu wa hariri mpaka wakati wa pete za dhahabu. Kisha inakuja sherehe ambayo sisi ndiyo tuliyoipenda kuliko zote: siku mtoto anapoweza kukaa bila ya kushikwa. Mama anavaa vizuri, mlezi anavaa vizuri, mtoto anapambwa, anatiwa ndani ya kigari kidogo cha magurudumu kilichojazwa mito. Halafu zinachukuliwa bisi, zinachanganywa na vipesa vidogo vya fedha, na zinamwagwa juu ya kichwa chake. Ndugu zake wadogo walioalikwa wanazirukia na kuzigombania. Basi. Hiyo ndiyo sherehe.

Fikirieni kidogo. Mtoto hajafaulu mtihani, hajahitimu kitu. Kakaa tu. Lakini watu wazima wa nyumba ile waliliona kuwa ni jambo la kualika wenziwe, na wakaliona kwa macho ya watoto, kwa sababu nani anayefurahi kugombania bisi kama si mtoto? Bibi zetu wengi katika nyumba za kawaida walikuwa nao na bisi zao, na njugu, na vipande vya muhogo wa kukaanga kwa watoto wa jirani siku ya arobaini au siku ya mwaka. Hawakuhitaji kigari wala mito ya hariri.

Na tusipambe mno. Mambo ya kasri yalibebwa na mikono ya watumwa. Yule mlezi aliyevalishwa siku ya bisi hakuwa na hiari ya kuwa pale, na mtoto wake mwenyewe, kama alikuwa naye, hakumwagiwa fedha kichwani. Utumwa Unguja ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897, nusu karne baada ya Salme kukaa kwenye kigari chake. Tunapomsikia mtu anasema "zamani watoto walilelewa vizuri" tunataka kumuuliza, watoto wa nani?

Sasa kusoma. Salme anasema darasa lao lilikuwa ukumbini, chini, juu ya mkeka, wavulana na wasichana pamoja, na mwalimu wao alikuwa mwanamke mtu mzima aliyetoka Omani. Bakora ilikuwepo na ilitumika. Walifundishwa kusoma Qur'ani. Kuandika walifundishwa wavulana peke yao. Msichana asome, asiandike. Barua za nini, na angemwandikia nani?

Salme hakukubali. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana uliokaushwa ukawa mweupe, ndio uliokuwa ubao wa kuandikia wakati ule, akawa anakaa kwa siri na msahafu mbele yake na kuigiza herufi moja moja. Alijifunza kuandika kama mtoto anavyojifunza kutembea, kwa kuanguka na kuinuka. Na lilikuwa na matokeo: mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala, katika watu wao alihitajika mwandishi wa barua, na msichana wa miaka 15 ndiye aliyeshika kalamu. Uasi ule ulishindwa. Hatumsifu kwa fitna ya ndugu, tunasema tu kwamba waliokataza wasichana kuandika walijua kalamu inafanya nini.

Lakini msije mkadhani pwani yote ilikuwa hivyo. Mwaka mmoja tu kabla ya uasi huo, kule upande wa Lamu, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa na aliona ajali yake imekaribia. Akatunga utendi kumuusia binti yake, na tangu mwanzo anamwita asogee akae karibu na aje na wino na karatasi. Wengi wetu tumeusikia utendi huo wakati wa kufundwa, na kawaida tunasomewa yale ya mume tu. Kile kipande cha wino na karatasi kinapitwa haraka. Mama anamsomesha binti, binti anaandika, na hakuna anayeshangaa. Ni pwani ile ile, dini ile ile, miaka ile ile. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema msichana kutoandika ilikuwa ni dini, mwambie ilikuwa ni nyumba. Nyumba moja ilikataza, nyumba nyingine mama alitunga.

Kwa watu wa kawaida chuo kilikuwa pale pale mtaani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, anaeleza mtoto anavyopelekwa kwa mwalimu na namna kila hatua ilivyokuwa na malipo yake. Kwetu visiwani pia vyuo vingi vilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mwalimu, na vingi vilikuwa vya wanawake. Mtoto alikwenda na ubao wake. Wino ulitengenezwa kwa masizi, kalamu ilichongwa kwa tete. Anaandikiwa herufi, anazisoma kwa sauti pamoja na wenziwe, alifu kwa fataha, kwa kasra, kwa dhumma, mpaka mdomo unazizoea. Akishika, ubao unaoshwa na anaandikiwa nyengine. Kisha juzuu amma, kisha anapanda mpaka anahitimu. Alhamisi na Ijumaa hakuna chuo.

Watu wazima waliotusomesha sisi wenyewe walitoka katika vyuo hivyo, na tunasema kwa heshima zote: kulikuwa na uzuri mkubwa na kulikuwa na kasoro. Uzuri ni kwamba mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye duka walikaa mkeka mmoja. Mtoto mdogo kabisa alikuja amebebwa na dada yake, akalala pembeni, akaamka akizisikia herufi, na kabla hajaanza kusomeshwa alishazijua. Bi mwalimu alikuwa anapika huku anasikiliza, na akisikia kosa anarekebisha kutoka jikoni. Kasoro ni bakora, na kukariri bila ya kuelezwa maana.

Hapa tuseme jambo moja la dini, maana bakora hutetewa kwa dini. Mtume, sala na amani zimshukie, ametuelekeza tuwaamrishe watoto sala wakifika miaka saba. Saba. Kabla ya hapo mtoto anaona, anaiga, anacheza. Tunajua kutoka katika hadithi sahihi kwamba alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama binti Zainab, akiinama anamweka chini, akisimama anamchukua tena. Na tunajua alivyomwuliza mtoto mdogo Abu Umayr juu ya kidege chake, akamtania kwa kulinganisha jina lake na jina la yule ndege. Kiongozi wa umma mzima anauliza habari za kidege cha mtoto. Mwenye kumpiga mtoto wa miaka minne kwa sababu kachanganya bee na tee atafute hoja nyengine.

Tukirudi kwenye historia, sasa tunafika pale ambapo mambo yalikatika, na hili ndilo tunalotaka mlishike zaidi.

Baada ya Unguja na Pemba kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, zilikuja baadaye skuli za serikali, na Kiswahili ndani ya skuli hizo kiliandikwa kwa herufi za Kilatini. Mpaka wakati ule wengi waliojua kuandika Kiswahili hapa walikuwa wanakiandika kwa herufi za Kiarabu, zile zile walizozipata chuoni. Bibi aliyeweza kumwandikia mwanawe aliyeko Mombasa, akasoma khabari za msiba na harusi, akahesabu madeni ya mauzo yake ya mikeka, huyo alikuwa msomi wa nyumba yake. Skuli ilipokuja na herufi nyengine, akalala usiku ni msomi na akaamka asubuhi hajui kusoma. Hakusahau kitu. Zilibadilishwa herufi tu. Na machoni mwa skuli, yeye akawa upande wa wasiojua.

Tazameni hilo lilifanya nini nyumbani. Kabla ya hapo mtoto akirudi chuoni alisikilizwa na mama, na shangazi, na bibi anayesuka ukili barazani, kwa sababu wote walijua alichokisoma. Sasa akirudi skuli na daftari lake, mama hawezi kumsaidia. Anaanza kuona haya mbele ya mwanawe. Wazazi wengi hawakuziamini skuli zile, na si kwa ujinga kama ilivyoandikwa, bali waliona zinamtoa mtoto katika Qur'ani na kumtoa katika mikono ya nyumba. Serikali ya Mwingereza ilibidi iingize Qur'ani katika masomo ndipo watu walegee.

Wasichana walingoja zaidi. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Wavulana walikuwa wametangulia zaidi ya miaka ishirini. Waliopeleka binti zao mwaka ule walihitaji moyo, maana maneno ya mtaani tunayajua, hayajabadilika hata leo. Ila katika wasichana wale na waliowafuata ndimo walimotoka walimu wanawake wa mwanzo wa skuli zetu. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na tarehe 23 Septemba mwaka huo huo ikatangazwa elimu bila malipo, siku ambayo tunaiadhimisha mpaka sasa. Milango ikafunguka kwa watoto ambao bibi zao hawakuwahi kukaa kwenye mkeka wowote.

Lakini skuli ilianza na mtoto wa miaka saba. Wa miaka mitatu, minne, mitano alikuwa chuoni au alikuwa uani, na mama aliyemlea wakati huo alikuwa bado ni yule aliyeambiwa hajui. Nasari zilikuwepo chache. Mtoto wa shamba alifika darasa la kwanza hajapata kushika penseli, akakaa na wa mjini aliyeshika, na wakapewa mtihani mmoja.

Jambo hili halikuwaumiza Wazanzibari peke yao. Mombasa na pwani ya Kenya Waislamu walikuwa wanalalamika hivyo hivyo: watoto wao wanaingia skuli wakiwa nyuma, na nasari zilizopo ama ni ghali ama zina mafunzo ambayo si ya dini yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii walizungumza na Aga Khan, na shirika lake likaanza kutafuta njia. Aliyelibeba jambo lenyewe alikuwa mwalimu mwanamke wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Hakutoka na mpango wa kuziua madrasa ajenge kitu kipya. Alikaa na watu, na wazo likawa kwamba jengo lipo tayari, na imani ya wazazi ipo tayari, ni madrasa. Asubuhi jengo liko tupu. Basi watoto wadogo waingie asubuhi, wafundishwe kwa kucheza, na Qur'ani na dua ziwe ndani ya siku yao, zisiwe kitu cha pembeni.

Mombasa ikaanza katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mpango ukaja Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Kampala. Ukiingia katika skuli moja ya hizo, huoni madawati. Unaona mikeka na kona. Kona ya nyumba ina vyungu vidogo, mbuzi ya kukunia nazi, vipande vya kanga. Kona nyengine ina vifuu, makumbi, kokwa, makombe ya pwani, vizibo. Mtoto anaanza kwa kusema leo atafanya nini, anakwenda anafanya, kisha anarudi kwenye duara kuwaeleza wenziwe alichofanya. Wanaohesabu wanahesabu kwa kokwa. Wanaojifunza kupima wanapima mchanga kwa vifuu, kikubwa na kidogo. Njia hiyo ya kupanga, kufanya na kueleza ilitokana na utaratibu wa Kimarekani uitwao High/Scope, lakini akina mama wa hapa waliuvisha nguo za kwao mpaka ukawa wa kwao.

Na walimu ni nani? Hili ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Hawakuletwa kutoka mbali. Walichaguliwa wanawake wa kijiji au mtaa wenyewe, wengi wao vijana waliomaliza sekondari ambao hawakupata pa kwenda, wakapewa mafunzo na kutembelewa mara kwa mara darasani mpaka wakasimama. Yaani mlolongo uliokatika ulianza kufungwa pale pale ulipokatikia, kwa mwanamke wa mtaani. Mama anayemleta mtoto asubuhi anamjua mwalimu, kacheza naye mdako utotoni. Hana haya ya kuuliza. Jamii ndiyo inayotoa chumba na kuunda kamati ya kuiendesha skuli, na akina mama wanakusanya makumbi na kushona midoli ya matambara. Mama asiyejua kusoma anaweza kushona mdoli, na mdoli huo ni kitabu cha mwanawe.

Watu walitaka kujua kama kuna faida au ni kucheza tu. Watafiti watatu, Mwaura, Sylva na Malmberg, waliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda na kutoa matokeo yao mwaka 2008. Waliolinganishwa walikuwa watoto wa skuli hizi za madrasa, watoto wa nasari nyengine, na watoto waliobaki nyumbani. Waliokwenda nasari yoyote walipiga hatua zaidi katika kufahamu mambo kuliko waliobaki nyumbani, na wa skuli za madrasa walipiga hatua kubwa kuliko wote. Mkazaneni na hilo, enyi mnaosema "wanacheza tu pale na vifuu".

Serikali nayo ilisogea. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiweka elimu ya maandalizi, miaka miwili, ndani ya elimu ya lazima, na msingi ukapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Miaka hiyo hiyo ikaja redio. Mtakumbuka vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambavyo watu walivifupisha wakaviita TuTu: watoto wanakaa chini ya mti au kwenye baraza, redio katikati, sauti inawaambia simameni, ruka, hesabu, imba, na mlezi wa hapo hapo kijijini anawaongoza. Vilifika mahali ambapo hapakuwa na jengo hata la kuazima.

Sasa turudi kwenye cherehani, maana ndiyo kazi yetu. Sisi tunashona sare za watoto wa maandalizi na kanzu za chuo, na umri wa mtoto tunausoma kwenye upindo. Sketi ya mwaka wa kwanza tunaiachia upindo mpana, mwaka wa pili mama anairudisha tunaufungua, unabaki mstari hafifu pale ulipokuwa mkunjo. Tunajua nani karefuka na nani hakurefuka. Mtandio wa mtoto wa miaka minne usiwe na pini, tafadhalini, tieni lastiki laini, na mikono ya gauni iwe mipana aweze kukunja, kwa sababu anakwenda kuchezea mchanga na maji na hiyo ndiyo skuli yenyewe. Mama akituambia "sitaki achafuke" tunamwambia ampeleke harusini.

Na mwisho wa mwaka yanaletwa majoho. Mahafali ya maandalizi: joho jeusi, kofia ya pembe nne, keki ya ngazi mbili, mpiga picha, ukumbi wa kukodi, mchango ambao wazazi wengine wanakopa kuutoa. Tunashona, hatukatai kazi. Lakini tukiulizwa tunasema tunalolijua. Tumeona mama kauza bangili kwa ajili ya joho ambalo mtoto alilivaa saa mbili na kulivua akilia kwa joto. Wakati wa Salme, tena katika kasri, pamoja na utajiri wote ule, kilichomwagwa juu ya kichwa cha mtoto kilikuwa bisi na vipesa vidogo, na waliofurahi zaidi walikuwa watoto. Kikombe kimoja cha mahindi kinatosha kuujaza ukumbi.

Nyinyi mabibi harusi, mkija kuulizwa chuo kwanza au skuli kwanza, mnaweza kujibu kwamba pwani hii ilikwisha jaribu kuvitenganisha, na aliyelipa ni mama. Ilipoviunganisha tena, ilibidi mama arudishwe ndani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada na sare, nendeni mkakae asubuhi moja mwangalie. Mwalimu ana bakora? Mtoto anaruhusiwa kuuliza? Qur'ani inasomeshwa kwa upole au kwa hofu? Na wewe mama, unaruhusiwa kuingia, au unaambiwa umuache getini? Mtoto wa miaka mitatu asibebeshwe chuo asubuhi, nasari mchana na masomo ya ziada jioni; atalala juu ya sahani, tumewaona. Chagueni pamoja na baba yake, na mama mkwe mumsikilize, kwa sababu pengine ndiye atakayekuwa naye wewe uko kazini.

Na kama nyumbani kwenu kuna bibi anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwekeni karatasi na kalamu, mtoto akae pembeni yake masika haya. Amwandikie jina lake tu. Mtoto wa miaka minne atalitazama, ataligeuza juu chini, kisha atataka kuliiga, na atalikosea mara nyingi.